Aliyezaliwa Kabla ya Kitabu

Mama hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, na nilipokuwa mjamzito aliachana kabisa na habari za salamu. Alianza moja kwa moja na swali lake. "Mama, jina mmeshapata?" Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mimi ni binti wa pili, na kwetu Wakikuyu binti wa pili humrithi bibi mzaa mama, wala hakuna kikao kinachoitishwa kulijadili. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Utamkuta mtu mzima na mvi zake akimwamkia mtoto wa miaka miwili kwa heshima zote kwa kuwa huyo ndiye baba yake, na hakuna anayecheka. Kwa hiyo swali la mama lilikuwa na jibu moja tu, na mimi nilikuwa nimekatazwa kulitoa.

Aliyenikataza ni mume wangu. Yeye ni Muayalandi, anafundisha hisabati katika shule moja hapa Dubai. Mimi nilikuwa nasimamia wasafisha vyumba hotelini, mpaka miguu iliponivimba na madam wangu akaniambia nikapumzike. Tunaishi Jumeirah Village Circle, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo dirisha lake linatazama jengo lisiloisha kujengwa tangu tuhamie. Siku tuliyoonyeshwa kwenye picha ya tumbo kwamba ni mvulana, mume wangu alinibusu mbele ya daktari, jambo ambalo hapa si la kufanya ovyo. Tulipoingia kwenye gari nikamweleza kanuni yetu. Akazima redio.

"Jina lolote," akasema, "isipokuwa la baba yangu."

Sababu niliijua tangu tulipokuwa wachumba. Mama yake aliugua kwao Ayalandi wakati mume wangu yuko katika mwaka wake wa kwanza hapa Dubai, na baba yake hakumwambia. Simu ilikuja baada ya mazishi. Si baada ya kifo. Baada ya mazishi, majirani wameshakula na kuondoka, vyombo vimeshaoshwa. Alimuuliza baba yake mara moja tu kwa nini, mzee akababaika, akasema hakutaka kumsumbua na kazi mpya. Mume wangu akakata simu, na hadi mimi naingia katika maisha yake ilikuwa haijapigwa tena. Katika harusi yetu Nairobi kiti cha baba mkwe kilikuwa kitupu. Wazee wetu ni watu wa adabu, hawakuuliza kwa mdomo.

Nilimwona mume wangu ana makuu. Sisi tuliokuja Ghuba kwa mikataba tumezoea habari kutufikia zikiwa zimepoa. Bibi yangu, yule niliyepewa jina lake, alikufa nikiwa katika mkataba wangu wa kwanza, na mama aliniambia miezi baadaye. "Ungefanya nini?" aliniuliza. "Kafeel wako angekupa ruhusa?" Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi kutandika vitanda. Lakini mume wangu hakuwa na kafeel wa aina yangu, mdhamini wa kazi anayekaa na pasipoti yako. Pasipoti yake ilikuwa mfukoni mwake na nauli alikuwa nayo. Yeye angefika, na hilo ndilo lililomtafuna.

Wazo la kupanda juu katika ukoo wake kutafuta jina lilikuwa lake. Jioni moja alirudi kutoka shuleni amechangamka, hata viatu hakuvua, akaniambia amegundua kwamba Waayalandi wa zamani walikuwa na mila ileile: mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. "Ni ileile!" alisema akipiga meza. Nami nilifurahi mno, nikajiona sikuolewa mbali kama shangazi zangu walivyodai. Kisha akatoa hila yake. Kama shabaha ni kumheshimu babu, kwa nini tusimheshimu wa kwanza kabisa, mzizi wa ukoo, yule wa mbali kuliko wote anayeweza kupatikana? Mtoto angepewa jina la babu wa upande wa baba, ila babu wa zamani zaidi. Mama angeridhika, mila ingetimia, na jina la mzee wake lisingetamkwa nyumbani mwetu. Nilijua ni ujanja. Nilikubali kwa sababu nilitaka amani ndani ya nyumba kabla mtoto hajafika.

Mwanzoni mambo yalikwenda mbio. Serikali ya kule ilipoanza kuandikisha kila anayezaliwa, anayeoa na anayekufa, iliturahisishia kazi hata sisi tulioketi Dubai: unaandika jina la ukoo na wilaya, karatasi inatokea. Tukampata babu yake, baba wa babu, na babu wa babu, ambaye cheti chake cha ndoa kilitaja jina la baba yake, mkulima. Hapo ndipo njia ilipokatika. Yule mkulima alikuwa mtu wa kabla ya usajili. Sensa za enzi zake ziliteketea kwa moto, na maskini wa Kikatoliki kama yeye hawakuacha wosia wala hati ya shamba. Kilichobaki ni kitabu cha ubatizo cha parokia, kilichopigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, kimeandikwa kwa Kilatini na mapadri ambao nina hakika walikuwa wakiandika juu ya farasi.

Tukahamia ndani ya kitabu kile. Sijui tulipumzika lini mwezi ule. Mume wangu hakuweza kutulia kitini. Alisoma amesimama, akanywa chai amesimama, akaenda dirishani, akarudi, akafuta ubao aliouleta kutoka shuleni, akaandika upya. Mimi nami mtoto alikuwa akinipiga mateke mbavuni, nikawa naipima sebule kwa miguu, kutoka jikoni hadi dirishani na kurudi, tunapishana kama walinzi wa benki. Nje joto lilikuwa limeshafika lile la kuunguza mkono ukigusa mlango wa gari. Kitanda cha mtoto kilikuwa bado kwenye boksi lake, na ubao wa ukoo umeegemezwa juu yake. Kila nilipomkumbusha akiunganishe aliniambia kesho.

Nilianza kuwachukia wale wafu. Kila mmoja alikuwa na mke, na kila mke alikuwa na watoto, na wote wanagawana majina machache kama familia inavyogawana sufuria. Jina linatumika, linawekwa, linachukuliwa tena na mwingine. Ungedhani umempata mtu, kumbe ni binamu yake wa kijiji cha pili. Mume wangu angeguna, angefuta, angeanza tena. Nilipomwambia apumzike alinitazama kama nimemwambia aache kupumua.

Siku moja nikachoka, nikapanda basi kisha metro hadi soko la Naif kutafuta nguo za mtoto. Nina shoga yangu huko, mama wa Kimombasa anayenunua nguo za watoto kwa mafungu na kuzipeleka kwao kwa kontena. Nilimkuta amekalia bando la fulana akibishana na mwenye duka.

"Yalla, arbab, tajiri wangu, hiyo bei ya watalii," alikuwa akimwambia. Aliponiona akasogea, akanipa nafasi juu ya lile bando. "Mbona uso umekukunjana hivyo? Mumeo akufanyani?"

Nikamweleza yote, ya mama mkwe aliyezikwa kimya na ya kitabu cha Kilatini. Alinisikiliza huku akivuta mishono ya vijisuruali kuona kama imekaza.

"Subhanallah," akasema. "Mtoto hajazaliwa, mwamtafutia jina makaburini? Kwetu siku ya saba mtoto apewa jina, anyolewa nywele, watu wala pilau, khalas."

"Kwetu lazima litoke kwa babu."

"Na kosa la huyo babu ni kuficha ugonjwa wa mkewe." Akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyo mzee ashaumbuka, shoga. Yuko peke yake na aibu yake. Mumeo ataka nini tena?"

Akanichagulia nguo, akanipunguzia bei kwa niaba ya mwenye duka bila kumuuliza, nami nikarudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko nilivyotoka. Kwenye metro nilisimama ingawa msichana mmoja alinipisha kiti. Nilikuwa nikimjibu mume wangu kichwani, na nikiwa nimekaa huwa sijibu vizuri.

Alinifungulia mlango kabla sijabisha. "Nimempata!" Akanivuta hadi kwenye kompyuta na mifuko yangu mkononi. Yule mkulima na mkewe walikuwa mle, ukurasa wa mwanzo wa kitabu, wamemleta mvulana kubatizwa, kisha miaka miwili mbele mwingine, kisha msichana. Na huyo mvulana wa kwanza alikuwa na jina ambalo mume wangu hakuwahi kulisikia kwa mtu yeyote wa ukoo wao, jina la mtume mmojawapo, fupi, tamu mdomoni. Kwa mila, jina la mvulana wa kwanza ni la baba wa mkulima. Basi huyo ndiye mzizi. Mume wangu akaliandika juu kabisa ya ubao kwa wino mwekundu, akalizungushia duara, akanishika mikono tukacheza katikati ya sebule na tumbo langu katikati yetu. Nililia kwa furaha. Jioni ile alikaa chini akala chakula chake chote.

Jumapili mama alilirudia jina lile mara kadhaa, akilionja.

"Huyo ndiye baba yake?"

"Ni babu wa babu wa babu yake, mama. Karibu na hapo."

"Ehe. Na baba yake alishafariki?"

"Hapana. Yupo."

Nikasikia akina mama wenzake wakiagana nyuma yake. "Kwa hiyo mnamruka mtu aliye hai mnamwendea maiti?"

"Mama, hali ni ngumu."

"Najua ni ngumu. Lakini hata mtoto mdogo anajua, ukimruka mtu aliyelala, unarudi unamruka tena kinyume, la sivyo hakui." Akavuta pumzi. "Haya. Nitalitaja kwenye maombi ya chama."

Mume wangu, kwa kuwa ni mtu wa hisabati, hakuridhika bila uthibitisho. Alitaka jiwe la kaburi la ukoo. Parokia ile ndiyo aliyobatiziwa yeye mwenyewe, na baba yake bado anaishi pale, mwendo mfupi kutoka makaburini. Kwa hiyo alinitaka mimi niiandikie ofisi ya parokia barua pepe kwa jina langu la Kikikuyu, nisimtaje yeye kabisa. Niwe mwanamke wa Kenya aliyeko Dubai, anayetafuta habari za ukoo kwa ajili ya mtoto anayekuja. "Hawatajua," alisema. Nilimtazama. Mimi nimezaliwa kijijini. Kwetu ukiulizia kaburi asubuhi, mchana watu wa ukoo ule wameshajua hata rangi ya leso yako. Lakini nani alikuwa akinisikiliza? Nikaandika.

Baada ya siku chache ofisi ilinipigia. Alikuwa mwanamke wa sauti changamfu, wa kupenda kazi yake. Niliweka spika ili mume wangu asikie. Akasema jiwe lipo lakini halisomeki, mvua za kwao zimelilamba likawa laini.

"Ila tumepata bahati," akaendelea. "Nimemuuliza mzee mmoja wa ukoo huohuo, anakaa hapa jirani. Alichukua ndoo na brashi akaenda kulisugua mwenyewe. Anasema yule mvulana mnayemdhania wa kwanza alikuwa wa pili. Kitabu chetu kimeanzia katikati, dada. Kurasa za mbele zilipotea zamani sana. Kulikuwa na kaka mkubwa aliyezaliwa kabla ya kitabu. Alikwenda Marekani akiwa kijana, hakurudi."

Nikamuuliza jina la huyo kaka mkubwa. Akalitaja. Lilikuwa jina la baba mkwe wangu.

"Mzee amesema ukiwa na swali lolote umpigie," akamalizia, akanisomea namba. "Amesema umpigie wewe." Kisha akaaga haraka, kama mtu aliyeahidi kutosema zaidi.

Picha ya jiwe ikaingia. Lilikuwa jiwe la kijivu, limesuguliwa hadi likang'aa, na hakuna hata herufi moja iliyosalimika. Pembeni kulikuwa na mkono umeshika brashi, na kidole gumba cha mkono ule kimepinda kwa nje. Mume wangu ana kidole hichohicho. Tulikitazama kwa pamoja.

Hesabu ilikuwa rahisi, na mtu yeyote wa kwetu angepaswa kuiona. Wa kwanza kitabuni si lazima awe wa kwanza nyumbani. Kama yule wa wino mwekundu alikuwa mtoto wa pili, basi jina lake lilikuwa la babu mzaa mama, baba wa mke, mtu wa ukoo mwingine kabisa. Jina la babu mzaa baba alilichukua yule wa Marekani. Tulikuwa tumepanda vizazi vyote vile kulikimbia jina la mzee mmoja, na huko juu mwishoni alikuwa amekaa mtu mwenye jina hilohilo.

"Anadanganya," mume wangu akasema.

"Kwa nini adanganye?"

"Hakuna ukurasa. Hakuna jiwe. Kuna maneno yake tu. Ameona barua yako, amejua ni mimi, amejua ni mtoto, na analitaka jina." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Aliyenidanganya kuhusu mama yangu mzazi atashindwa kunidanganya kuhusu mtu aliyekufa kabla ya serikali kumwandika?"

"Hukudanganywa. Ulifichwa."

"Niambie tofauti yake."

Akavaa viatu akatoka. Kutoka dirishani nilimwona akiizunguka bustani ya katikati kwenye jua lile la alasiri ambalo hata paka wa mtaani wanalikwepa, mikono nyuma, kichwa chini, mzunguko mmoja, kisha mwingine. Niliwakasirikia wote wawili. Nilimkasirikia mzee kwa kutujibu, na huyu kwa kukataa jibu alilolitafuta mwezi mzima. Nilijua pia kitu ambacho hakukisema: kama angeliamini neno hili la baba yake, ingebidi aanze kuamini na mengine, na hasira ile ndiyo kitu pekee kilichombakia cha mama yake. Nikaichukua namba nikapiga.

Aliitikia kabla simu haijaita sana.

"Baba," nikasema kwa Kiingereza changu cha hotelini, "mimi ni mke wa mwanao."

"Najua, mwanangu." Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajazungumza na yeyote tangu asubuhi. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ananipiga mateke."

"Vizuri. Vizuri sana."

Nikamuuliza bila kuzunguka, maana kuzunguka kulikuwa kumenichosha. "Baba, yule kaka mkubwa. Una hakika aliitwa hivyo?"

"Baba yangu aliniambia, na yeye aliambiwa na babu yake. Karatasi sina."

"Mume wangu anasema umetunga."

Alikohoa, au alicheka, sikujua. "Ana haki ya kusema hivyo. Mpeni mtoto jina lile la kitabuni, ni jina zuri. Mimi sikusema ili mnipe. Mliuliza, nami safari hii niliona heri nijibu."

Mlango ulifunguka. Mume wangu alisimama pale, shati limemganda mwilini kwa jasho, akaisikia sauti kwenye spika. Sikuizima. Nilidhani atapita aende bafuni. Alibaki palepale mlangoni, viatu miguuni.

"Muulize kwa nini," akaniambia.

Nikamnyooshea simu. "Muulize mwenyewe."

Aliitazama simu ile kwa muda kisha akaichukua kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia?"

Kwanza hakuna kilichosikika ila redio ya mbali huko Ayalandi, kisha redio ikazimwa.

"Daktari alisema ana wiki kadhaa," mzee akaanza. "Wewe ulikuwa unasimamia mitihani yako ya kwanza kule. Nikasema acha amalize, nitampigia Ijumaa. Lakini mama yako akaanza kukuuliza. Nikamwambia nimeshakupigia, uko njiani. Nilisema tu ili atulie. Na alitulia, akala hata supu. Basi kila alipouliza nikakuleta karibu. Umepanda ndege. Umetua. Umekodi gari, uko barabarani. Jioni ile akaniambia nikachemshe maji, utafika umechoka utataka chai. Nikaenda jikoni. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni. Sikumwona akikaa.

"Ningekupigia nikuambie nini?" mzee akasema. "Kwamba amekufa akikusubiri, na wewe hata hukujua kwamba unasubiriwa? Niliona aibu. Nikasema nipate maneno kwanza. Nikatafuta maneno mpaka tukamzika. Uliponiuliza nikasema la kazi mpya, kwa kuwa ndilo lililokuja mdomoni."

Nilitaka kumshika mume wangu bega na nikaogopa. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia bila kuuficha uso. Alikuwa akiitazama simu sakafuni mbele yake kama anaweza kuona kitu ndani.

"Kwa hiyo alijua ninakuja," akasema.

"Alijua unakuja. Hakuwa na shaka hata kidogo."

Mimi nilikuwa nimejishikilia kwenye boksi la kitanda, na nilikuwa nalia pia, kwa ajili ya yule mama niliyemkosa kwa miaka michache tu.

"Mtoto atachukua jina lako," mume wangu akasema.

"Usimpe kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii. Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Njoo umwone. Akishazaliwa tu, njoo. Nitakutumia tiketi. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege."

Mzee akauliza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayejua jinsi maneno yale yanavyosemwa:

"Kweli utakuja? Au unanituliza?"

"Kweli, baba," mume wangu akamjibu. "Utanikuta nimeshafika."